Madam Hakupenda Kompyuta Ikimbie

Madam hakupenda kompyuta ikimbie. Alikuwa na chuo cha kompyuta juu ya saluni moja pale Kitengela, mashine za mezani zilizopangwa safu mbili, na kila asubuhi kabla wanafunzi hawajaingia alipita nyuma ya safu hizo akiweka kiganja juu ya kila boksi, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akikuta moja ina joto, aligeuka kuniangalia mimi.

"Digrii, nani amefukuza hii?"

Hakuna aliyekuwa ameifukuza. Ilikuwa imewashwa tu. Lakini nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka huo huo, hii ilikuwa kazi yangu ya kwanza, na mtu akiniuliza swali kwa sauti ile huwa naanza kujichunguza. Labda nilikuwa nimefungua programu mbili kwa pamoja. Labda tatu. Nilianza kueleza, na nilipofika katikati ya maelezo Madam alikuwa ameshafika mashine ya mwisho.

Lazima nieleze jambo hili la kukimbia, kwa sababu nikiwasimulia watu hudhani natia chumvi. Kompyuta zetu zilikuwa na ukurasa wa mipangilio ya umeme, na humo mlikuwa na njia tatu za kuchagua. Kwenye skrini zilikuwa na majina marefu ya Kiingereza. Sisi tuliziita Kuokoa, Wastani na Nguvu Kamili. Ukichagua Nguvu Kamili, prosesa, yaani ile sehemu inayofanya hesabu zote za mashine, inakaa imejiandaa kukimbia muda wote hata kama unaandika barua ya kuomba likizo. Inakula stima, inapata joto, na feni inalia. Ukichagua Kuokoa, prosesa inashikwa breki. Unaweza hata kuingia ndani zaidi ukaiwekea mpaka: usipite nusu, usipite robo. Mtu wa kawaida huchagua Wastani na kusahau kwamba ukurasa huo upo.

Madam alichagua kulingana na mvua.

Kiangazi kikianza, mashine zote zilishushwa hadi Kuokoa. Mvua za kwanza zikinyesha, tulipanda Wastani. Nguvu Kamili ilikuwa ya wakati nyasi zimefika magotini, na mimi nilikuwa nimeisikia tu, kama watu wanavyosikia habari za Ulaya. Ng'ombe wake walikuwa Rombo, kwa mdogo wake wa kiume, na kila alipopokea simu kutoka huko tuliacha kuandika tukasikiliza.

"Imenyesha Rombo," alitangaza akirudi darasani. Vijana wa safu ya nyuma walianza kushangilia. "Lakini kidogo. Msiguse kitu."

Wiki ya kwanza nilijaribu kumweleza kwamba kompyuta haijui hali ya hewa.

"Stima inatoka wapi?" akaniuliza.

"Kwa mabwawa, Madam. Sehemu kubwa."

"Na mabwawa yanapata maji wapi?"

"Kwa mvua."

"Sasa unaniuliza nini?"

Nilijua jibu lipo mahali fulani. Mashine zetu zote kwa pamoja zilikula stima kama ya pasi chache tu. Bwawa lisingetambua kama tuko Kitengela au tumekufa. Lakini jibu hilo lilinijia jioni nikiwa nakula, na nilipolipeleka kesho yake Madam alikuwa akizungumzia jambo lingine kabisa, na nikaona nitaonekana mtu wa kinyongo.

Siku ya kwanza kabisa niliharibu salamu. Wamasai wadogo huinamisha kichwa mbele ya mtu mzima ili awaguse utosini. Mimi watu wetu walitoka upande wa Machakos, tunapeana mikono. Usiku uliotangulia nilikuwa nimewaza sana: nikiinama, je, ataniona ninajifanya Mmasai? Nisipoinama, je, ni dharau? Na mwenye digrii bado ni mdogo? Nilipofika mbele yake niliinama na kunyoosha mkono kwa wakati mmoja. Kiganja chake kikatua kwenye nywele zangu, na mimi nikajikuta nimeshika mshipi wa mkoba wake nikiutikisa.

"Takwenya," akanisalimu kwa Kimaa, lugha ya Wamasai.

"Iko," nikajibu, nikishukuru kwamba angalau hilo nililijua.

"Wewe ndiye Digrii. Mkoba wangu haujambo?"

Tangu siku hiyo sikuwahi kuitwa jina lingine.

Mazoea yake ya kushuku kasi yalikuwa ya zamani. Miaka ya tisini alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali kule Kajiado, na alikuwepo siku kompyuta ya kwanza ilipoletwa, ikavuliwa maboksi yake mbele ya watu wote hadi watu wa mashamba wakaja kuangalia. Ilikuwa aina ya zile zenye kitufe cha kuongeza kasi usoni, na kidirisha kidogo chenye namba. Makarani vijana walikibonyeza kila walipopita.

"Unabonyeza, namba zinapanda," alitusimulia. "Nikawauliza, zinapanda kwenda wapi? Hakuna aliyejua. Wote wamesoma, na hakuna aliyejua."

Akachukua plasta ya kidonda kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza, akakibandika kitufe. Mkubwa wa ofisi alipouliza, alijibiwa kwamba mashine imeumia. Plasta ile, alisema, ilikaa miaka. Ilipochakaa aliibadilisha.

Na bado mtu huyu huyu ndiye mpiga chapa mwenye kasi kuliko wote niliowahi kuona. Vidole vyake vilipiga kibodi kama mvua ya mawe juu ya mabati. Mashine ikiwa kwenye Kuokoa, na mpaka wake umewekwa chini, na programu ya kuua virusi imeamua kukagua kila kitu wakati huo huo, herufi zilishindwa kumfuata. Madam alimaliza aya nzima, skrini ikiwa bado kwenye mstari wa kwanza. Basi aliinua mikono, akaikunja kifuani, akaziangalia herufi zikijitokeza moja moja.

Mara ya kwanza nilifikiri amekasirika. Nikakimbilia kuomba msamaha kwa niaba ya mashine.

"Nyamaza," akasema. "Wanaingia."

Ndipo nikaelewa anachokifanya. Jioni ng'ombe wakirudi, mwenye boma husimama langoni akawatazama wakipita. Hawahesabu. Anawajua kwa rangi, kwa pembe, kwa namna ya kutembea, na pengo likiwepo analiona. Madam alitazama barua hivyo hivyo. Ikiingia mbio yote kwa pamoja, alisema, utajuaje ni nani aliyeachwa porini?

Alipomaliza kutazama, mara nyingine alikunja uso. "Kuna mmoja hayupo."

Tukatafuta. Darasa zima liliinuka kutafuta. Mara moja moja ilikuwa kweli, nukta fulani imepotea. Mara nyingi hakuna kilichokuwa kimepotea, lakini hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kusema hivyo, hata mimi, hasa mimi.

Kuhusu kuhesabu hakuwa na mzaha. Watoto hawahesabiwi, ng'ombe hawahesabiwi, na katika chuo chetu hata maneno hayakuhesabiwa. Kijana mmoja wa chuo kikuu alileta insha ichapwe, akataka kujua imefikisha maneno mangapi. Nilikuwa nimeshaanza kufungua kile kidirisha kinachoonyesha idadi. Madam akakifunika kwa kiganja.

"Hapa hatuhesabu."

"Lakini Madam, ni kompyuta inahesabu. Si sisi."

"Ni mengi. Yanatosha."

"Mwalimu wangu atahesabu!"

"Basi mkosi utakuwa wake. Hebu mpe karatasi zake, Digrii, aende salama."

Kwa hiyo hata mashine hazikuwa na namba. Ile nyeupe iliyogeuka rangi ya siagi iliitwa Naibor. Nyeusi iliitwa Narok, yote mawili majina ya rangi kwa Kimaa. Kulikuwa na moja iliyokuwa na tabia ya kujizima na kujiwasha upya pasipo kuombwa, nayo Madam aliiita Mhubiri, kwa sababu ukidhani amemaliza anaanza tena. Wanafunzi waliokuwa wa kanisa moja na mhubiri fulani wa mtaa walicheka hadi wakalia.

Wanafunzi wetu wengi walikuwa akina mama. Baadhi walitoka maboma ya karibu, wengine walikuwa na vibanda sokoni, na walikuja mchana watoto wakiwa shuleni. Kwingineko mtu anaanza masomo ya kompyuta kwa kujifunza kufungua faili. Kwetu somo la kwanza lilikuwa ukurasa wa umeme. Mama ambaye hajawahi kushika kipanya aliweza, kufikia Ijumaa, kukueleza tofauti ya Kuokoa na Wastani, na kwa nini prosesa ikiwekewa mpaka feni hupoa. Hakuweza bado kuandika jina lake. Niliona hili ni kosa la ufundishaji, nikaliandalia hoja, hoja ikawa ndefu, sikuitoa.

Sasa nieleze lile lililonishinda kuelewa zaidi. Mtu aliyezihurumia mashine kiasi kile hakujihurumia mwenyewe hata chembe. Katika muda wote ule sikuwahi kumwona amekalia kiti chake cha ofisini. Kiti kilikuwa cha mkoba. Alikula amesimama, alisoma gazeti akitembea, alipanda ngazi za jengo akinipita mimi nisiyefika hata nusu ya umri wake, kisha akanisubiri juu akinitazama kwa masikitiko. Ukimwambia "pole pole, Madam," aliuliza kama umeona jeneza mahali.

"Mbona mashine zipumzike na wewe hupumziki?" nilimuuliza siku moja, baada ya kulifikiria swali hilo karibu mwezi mzima.

"Mashine haina watoto," akasema.

Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Hofu yake ilikuwa moja tu: kupumzishwa. Mwanawe mkubwa alifanya kazi Magadi, kwenye lile joto linaloweza kuivisha mayai, na kwa sababu hiyo alikuwa amejenga nyumba Kona Baridi ambako upepo unavuma mchana kutwa. Ndani ya nyumba hiyo alikuwa ametenga chumba cha mama yake. Chumba kilikuwa na kitanda, blanketi zito na kiti cha kuegemea chenye mahali pa kuwekea miguu. Madam alikizungumzia kile kiti kama watu wengine wanavyozungumzia jela.

"Kina mahali pa miguu," aliniambia, akishusha sauti. "Ukiinua miguu yako, Digrii, nani atakuja kukuomba kitu?"

Mwanawe hakuwa mtu mbaya. Alikuja chuoni mara kwa mara, mpole, shati limepigwa pasi, akamwamkia mama yake kwa kuinamisha kichwa ingawa naye alikuwa na mvi. Walikuwa wamekubaliana wao kwa wao: chuo kikiwa na wanafunzi, Madam anabaki Kitengela. Kikikosa wanafunzi, anafunga na kwenda Kona Baridi. Madam alinieleza mapatano hayo siku nilipoajiriwa, kama mtu anayekuonyesha mlango wa dharura uko wapi. Nilielewa kwamba kazi yangu halisi ilikuwa kumlinda na kile kiti.

Kisha ukaja ule mwaka wa ukame.

Mvua ilikataa mara ya kwanza, ikakataa mara ya pili. Ng'ombe walifika Kitengela kutoka kila upande, wamekonda wanapepesuka, wakasimama kando ya barabara ya Namanga wakitafuna maboksi ya duka la vifaa vya ujenzi. Walikula ua wa kanisa. Mmoja alipanda ngazi zetu hadi katikati akakwama, na ikabidi akina mama watatu washuke wamsukume kinyumenyume, huku wa saluni wakipiga kelele kwamba ameangusha ndoo yao. Stima ikaanza kukatwa kwa zamu. Simu za Rombo ziliongezeka, na Madam sasa alizipokea nje, akatutangazia kidogo kidogo au asitutangazie kabisa.

Asubuhi moja aliingia akasema mashine zishushwe zaidi. Mpaka robo.

"Madam," nikasema, "zitalala."

"Si zilale? Hata mimi ningelala kama ningeweza."

Basi zikawa robo. Ukibonyeza herufi, ulikuwa na nafasi ya kumwuliza jirani habari za nyumbani kwake kabla haijatokea. Vijana wa safu ya nyuma walivumilia siku chache. "Madam, hii mashine ni kompyuta ama ni mkokoteni?" mmoja alisema, na kesho yake wenzake wote walikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye chuo kipya chenye mlango wa kioo. Sikuweza kuwalaumu. Niliwaona dirishani wakiandika, na herufi zao zikitokea hapo hapo.

Viti vikaanza kubaki vitupu. Mwanawe akapiga simu kwamba atakuja mwisho wa muhula ili wazungumze. Madam alisema "sawa" mara mbili, akakata simu, akaanza kufuta vumbi mahali pasipo na vumbi.

Nilijipa moyo. Niliandaa maneno, nikayapunguza, nikayasema.

"Madam, tuziweke Wastani tu. Wanafunzi watarudi. Ukiziacha hivi, utapelekwa Kona Baridi, na utakuwa umejipeleka mwenyewe."

Alichungulia dirishani. Chini barabarani kengele za ng'ombe zililia kidogo.

"Kila mtu hapa amefunga mkanda," akasema. "Mdogo wangu ananywa chai bila maziwa, mtu ambaye hajawahi kunywa chai bila maziwa tangu aote meno. Hata wewe umekonda, na wewe una digrii. Sasa mashine ni nani?"

Safari hii jibu halikuja hata jioni.

Lakini nikapata kitu kingine. Kama breki haiguswi, mzigo je? Niliipanga programu ya kuua virusi ikague mashine baada ya masomo badala ya katikati yake. Niliondoa picha zinazocheza kwenye skrini, na vile viprogramu vinavyojiwasha asubuhi bila kuitwa. Breki ilibaki pale pale, robo, na herufi zikaanza kutembea kwa mwendo wa mtu mzima aliyetoka kanisani. Madam aligundua siku ile ile. Aliweka kiganja juu ya Narok.

"Hii imepata nguvu wapi?"

"Sijaongeza kitu, Madam! Nimeipunguzia mzigo tu. Prosesa iko robo, unaweza kuangalia, niko tayari kukuonyesha..."

"Nani amekugombeza?" Akafikiri. "Hiyo ni sawa. Punda akichoka hapigwi, anapunguziwa."

Nadhani hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa, na niliichambua wiki nzima nikitafuta kama kulikuwa na tusi ndani yake.

Akina mama walibaki. Wawili walileta dada zao. Vijana kadhaa walirudi pia, wakisema kule ng'ambo hakuna stori. Mwisho wa muhula ulipofika, chumba hakikuwa kimejaa, lakini mtu asiye na kinyongo angeweza kuingia akasema, hiki ni chuo. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia mwanawe hivyo.

Alikuja mchana. Kwa kuwa kiti cha ofisini kilikuwa na mkoba, aliketi akiupakata, mikono yote miwili juu yake, kama mama aliyebeba mtoto hospitalini. Madam alisimama mlangoni. Ndiyo kwanza wanaanza kuulizana habari za nyumbani, na mimi nimekaa kwenye Mhubiri nikijifanya nafanya kazi, chumba kikaingia giza. Kitu kikagonga bati. Kikagonga tena. Kisha bati lote likapiga ngurumo.

Madam aliwapita wote akatoka hadi kwenye veranda, akasimama pasipo na paa. Simu yake ikalia. Tulimwona akiiziba kwa kiganja isilowe, akipiga kelele kwa Kimaa, akicheka. Aliporudi maji yalikuwa yanamchuruzika kwenye shanga.

"Imenyesha Rombo pia! Digrii! Nguvu Kamili!"

"Madam, labda tuanze na Wastani tuone jinsi..."

"Zote!"

Sikuhitajika. Akina mama walikuwa wamefundishwa ukurasa ule kabla ya kufundishwa kuandika majina yao. Kufumba na kufumbua walikuwa wameufungua, wakaondoa mipaka, wakachagua Nguvu Kamili. Feni zikaamka. Zililia kama posho mill ya kusaga mahindi, na vumbi la kiangazi chote, lililokuwa limelala ndani ya yale maboksi, likatoka kwa pamoja, jekundu, likatanda chumbani. Tulipiga chafya hatukuonana. Ndani ya wingu hilo nilisikia mama mmoja wa sokoni akipiga yowe.

"Inaniandika kabla sijafikiri! Tazameni! Ngai! Inaniandika!"

Kigelegele kikapigwa, kikajibiwa na kingine. Madam alipita katikati ya safu akigusa kila boksi, na yote yalikuwa ya moto, na hakuniuliza nani ameyafukuza.

Ndipo jengo lote likazima.

Mpaka leo sijui kama ni sisi, au ni madraya ya saluni, zile mashine za kukausha nywele, au ni maji yaliyoingia kwenye nyaya za mwenye nyumba. Nimelitafakari sana. Wanawake wa saluni walipanda wakiwa na vichwa nusu: mmoja ana rola upande mmoja, mwingine amepakwa dawa na anaomba maji kwa sauti ya kuungua.

"Nani amekula stima?" akauliza mwenye saluni.

"Imenyesha!" Madam akamjibu, kana kwamba hilo ndilo swali.

Mwanawe aliinuka na mkoba, shati lake jeupe sasa rangi ya udongo. Alichukua leso akamfuta mama yake uso, taratibu, maji kwanza kisha vumbi.

"Mama," akasema. "Sasa tuzungumze."

Nilijaribu kusaidia. Nilimweleza kuhusu madraya, kuhusu nyaya, kuhusu idadi ya wanafunzi ambayo nilikumbuka katikati kwamba siruhusiwi kuitaja mbele ya Madam, kwa hiyo nikasema "ni wengi, wanatosha." Nilieleza upande wetu, na kwa kuwa napenda haki nikaeleza na upande wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, akasema nimemsaidia kuamua: wanafunzi wawepo wasiwepo, mama yake atapumzika.

Chuo kilifungwa mwezi huo. Mashine ziligawiwa shule mbili, isipokuwa moja. Madam aliondoka akiwa amekaa kiti cha mbele cha pikapu ya mwanawe, wima, miguu chini.

Mimi nilipata kazi Nairobi. Miezi kadhaa ikapita nikiogopa kwenda kumwona. Nilimwona akilini kila siku, blanketi begani, miguu juu, anatazama ukuta. Nilitunga maneno ya kumliwaza. Nikayaona yana unafiki, nikatunga mengine. Jumamosi moja nilinunua majani ya chai na sukari, nikaenda Kona Baridi.

Nyumba niliipata kwa urahisi. Mkwewe alinionyesha chumba. Kitanda kimetandikwa. Kile kiti kilikuwepo kweli, na mahali pa miguu pake, na juu yake kulikuwa na ule mkoba.

"Ameenda kuota jua," mkwewe akasema, akazuia kicheko. "Huota jua kule barabarani, pale magari yanasimama. Huota tangu saa mbili."

Niliteremka hadi kituoni. Upepo ulikuwa unataka kunivua nguo. Karibu na bucha palikuwa na kichumba cha mabati, na nje yake watu wameketi kwenye benchi, wazee wenye shuka, mama mwenye mtoto, kijana mwenye kadi za mchango wa harusi za kuchapwa. Ndani, Madam alikuwa amesimama mbele ya ile kompyuta iliyobaki, ikiwa juu ya kreti za soda. Alikuwa ameegemeza nyonga moja kwenye kreti, na nikaona kwamba mkono wa kushoto ulikuwa mzito kidogo, vidole vyake vikichelewa kidogo kuliko vya kulia. Mzee mmoja alikuwa akimsimulia jambo alilotaka liandikwe.

Niliinamisha kichwa, safari hii kichwa tu. Akanigusa utosini bila kugeuka.

"Digrii. Benchi liko nje. Umemkuta huyo wa kadi."

Maneno yote ya kuliwaza yakakosa kazi. Nilikwenda nikakaa nyuma ya wa kadi, sukari mapajani.

Hapo ndipo mwanawe alipofika, bado na vumbi jeupe la Magadi kwenye viatu. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja, kisha akasimama mlangoni.

"Mama, presha yako haijashuka, daktari alisema upumzike. Twende nyumbani."

"Nimalizie huyu."

"Jana ulisema hivyo hivyo. Watu watasema tunakutuma kazi."

"Waambie nimetoroka."

Aliniona. Uso wake ukapata matumaini, akaniita kando na kunishika kiwiko kwa heshima.

"Mwalimu, wewe umesoma, na wewe anakusikia. Hebu niambie ukweli. Mtu kama huyu aachwe hivi, au apumzishwe? Ukisema apumzike, atapumzika. Ukisema aachwe, mimi sitamsumbua tena."

Lilikuwa swali la haki na nilitaka kulijibu kwa haki. Niliufikiria ule mkono wa kushoto, na presha, na upepo wa Kona Baridi unaoingia kwenye mifupa. Nilikifikiria kile kiti. Nilifikiria kwamba daktari hakumwona akiwa amesimama pale, na kwamba mimi sikumwona akiwa kitandani. Nikaanza upya kutoka upande wa daktari.

"Wewe," Madam akamwita mwanawe kutoka ndani. "Waya wa stima unachomoka hapo dirishani kwa bucha. Simama uushike. Huyu mzee ana ng'ombe wanamngoja."

Mwanawe alinitazama, bado akisubiri. Nilikuwa karibu kulifikia jibu.

Akaenda dirishani, akaushika waya.